Kahawa Mpaka Simu Ilie

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha Fundi Soli, mshona viatu, na mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo mtu mmoja akicheka sana wote tunayumba. Mimi ni kinyozi wa mlango wa pili. Nikikosa kichwa cha kunyoa nakuja kukaa, na siku hizi vichwa vimeadimika, sijui watu wamepatwa na nini. Kushoto hukaa Rubani, ambaye hajapanda ndege hata siku moja. Alisukuma mizigo uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamgomea, na tangu hapo ndege ikipita juu yeye huitaja aina yake, nasi hatuna ubavu wa kumbishia. Katikati hukaa Rula, seremala, mtu anayevaa futikamba kiunoni hata akialikwa harusini. Dada Birika husimama na kahawa yake, na kati yetu wote ndiye mwenye akili, ila hatujamwambia. Siku ninayoisema, Fundi Soli alikuwa amemsindikiza mkewe uwanja wa ndege asubuhi. Mama wa watu hajawahi kupanda ndege, na alikuwa anakwenda upande wa pili wa dunia, kwa binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza. Fundi alirudi mchana, akafungua kibanda, akaweka simu yake juu ya kalibu ya kiatu pale mbele, akatuambia asiiguse mtu.

Mapajani alikuwa na sweta la kijani la mkewe, na jua lilikuwa linachoma.

Mimi: Fundi, hilo sweta nalo unalitia soli?

Fundi Soli: Acha utani. Sanduku lilizidi uzito. Ikabidi kitu kitoke. Nikamwambia, toa viatu vya mtoto, tutavituma siku nyingine. Akatoa sweta lake.

Rula: Viatu vya kichanga vina uzito gani, bwana? Si kama maganda ya karanga tu?

Fundi Soli: Nilishona jozi saba.

Dada Birika: Saba! Kwani huyo mtoto ana miguu mingapi?

Fundi Soli: Miwili, dada yangu. Lakini mguu wenyewe sijauona. Kwenye picha wamemfunika blanketi mpaka kidevuni. Nikashona kwa kukisia, kuanzia kidogo kabisa mpaka cha kutembelea.

Tulicheka, benchi likayumba. Fundi hakucheka. Alichukua kiatu cha mteja, akachomeka msharasi wa kutobolea ngozi, akauchomoa, akakirudisha kiatu palepale alipokitoa. Ndipo akatamka maneno yaliyotuharibu sote.

Fundi Soli: Jamani, mimi leo sina raha. Shemeji yenu ameahidi akikanyaga chini tu ananipigia. Nyumbani siwezi kukaa, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Kaeni na mimi. Kahawa yote ni juu yangu mpaka simu yake ilie.

Rula alisogea kumpisha Dada Birika karibu. Mimi nilikumbuka kwamba sikuwa na mteja mpaka kesho.

Rubani: Wala usihangaike. Tiketi niliisoma mwenyewe jana. Kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa kumi na moja jioni, siku hiyohiyo. Ni mwendo wa saa saba tu. Ndege kubwa ile, mabawa mapana, haitetemeki hata kidogo. Kahawa ikipoa, shemeji ameshatua.

Dada Birika: Lakini saa za huko na za hapa ni moja? Mimi nilisikia wenzetu wa mbali wanalala sisi tukiamka.

Rula: Dada, tiketi imekatwa wapi?

Dada Birika: Hapa.

Rula: Basi saa zake ni za hapa. Mtu akija kwangu kuagiza mlango, nampimia mlango wa kwake au wa jirani yake?

Rubani: Sema tena! Na ndani ya ndege kuna saa moja tu, ya rubani. Ameiweka sawa alipoondoka, hawezi kuishika tena njiani, mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Hoja ilikuwa nzito. Dada Birika alitutazama mmoja mmoja kama anayetafuta pa kumwaga kahawa.

Saa kumi na moja ikafika. Sote tukaitazama simu. Simu nayo ikatutazama. Ikafika na robo. Fundi akapiga namba ya mkewe, akaambiwa haipatikani, akaifuta simu kwa lile sweta akairudisha juu ya kalibu.

Fundi Soli: Mbona kimya?

Rubani: Ndiyo kwanza ametua. Unadhani ndege ni nyumba, unafungua mlango unatoka? Wanatoka wa mbele kwanza. Wa mkiani wanasubiri. Shemeji amekaa wapi?

Fundi Soli: Sijui.

Rubani: Mkiani huyo. Nijazie, Dada.

Dada Birika akamjazia, na mimi akanijazia, na Rula akasogeza kikombe bila kuangalia. Sitaki kumsingizia mtu, lakini tangu pale hakuna aliyesema tena kwamba safari ni fupi.

Rula: Tatizo lenu mnaongea bila kipimo. Kutoka hapa mpaka huko ni kilomita ngapi?

Rubani: Elfu nane.

Rula: Umepima?

Rubani: Nimebeba mizigo ya huko kwa mgongo huu.

Rula akainuka. Ndani ya kibanda kuna kalenda ya zamani yenye ramani ya dunia. Fundi haibandui kwa sababu inaziba tundu la ukutani. Rula akaomba uzi wa nta, akashika ncha moja penye nchi yetu, akauvuta mpaka kwa binti. Ukapita juu ya bahari moja, ukakata bara zima, ukapita bahari ya pili. Akaupima kwa futikamba, akafumba jicho moja, akanong'ona na hesabu zake.

Rula: Elfu kumi na nne. Na bado.

Fundi Soli: Elfu kumi na nne!

Rubani: Na hizo ni kilomita za chini. Kilomita za angani ni ndefu zaidi. Kule hakuna mawe ya kuhesabia, rubani anakisia, na mwenye kukisia huwa anazidisha asije akatua kabla.

Mimi: Jamani, lakini dunia si mviringo? Hiyo ramani imelala kama chapati.

Nilisema hivyo ili nami nionekane nimechangia. Kumbe nimechokoza nyuki. Kibandani kulikuwa na mpira wa timu ya mtaa, umeletwa kushonwa mshono uliofumuka. Rula akaunyakua, akachora kwa chaki alama ya hapa na alama ya kule, akampa Rubani aushike, akavuta uzi upya. Tukashangaa. Uzi ulipokazwa haukupita tena baharini kama kwenye ramani. Ulipanda juu, ukapita karibu na kilele cha mpira, kisha ukateremka upande wa pili.

Rula: Mmeona? Njia fupi ndiyo hii. Inapita juu kabisa.

Fundi Soli: Juu kabisa kuna nini?

Rula: Barafu tu.

Fundi alilishika lile sweta kwa mikono miwili. Hapo mtu mwenye utu angenyamaza, akamsifia mkewe, akaondoka. Lakini kikombe changu kilikuwa kimejaa na ulimi ulikuwa umeshapata moto.

Mimi: Halafu kuna jambo hamjalifikiria. Dunia inazunguka. Sasa shemeji anakwenda kule, na mji nao unakwenda. Kama mji unakimbia mbele yake, atachelewa.

Rula: Na kama unakuja upande wake?

Mimi: Basi utampita, itabidi ageuze.

Rula: Kwa hesabu hiyo ndege ingepaa juu ikasimama tu, ikangoja mji uje chini yake.

Rubani: Zipo! Hizo ndizo helikopta.

Dada Birika aliweka birika chini, akashika kiuno. Mtu na mkewe waliokuwa wanapita walitugeukia, wakatupa jicho lile la watu wenye kazi, wakaendelea na safari yao.

Fundi Soli: Rubani, ndugu yangu, nambie kweli. Ndege ikifika kwenye barafu inakuwaje?

Rubani alikunywa kwanza. Alikuwa na watu wanaomsikiliza, kahawa bila malipo, na swali ambalo hapana aliyeweza kumsahihisha. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Rubani: Kule, Fundi, mafuta yanaganda. Kama haya ya kupikia, asubuhi ya baridi, si unayajua? Sasa rubani mwenye uzoefu hafanyi haraka. Anazunguka. Anazunguka palepale, taratibu, mpaka jua litoke liyapashe. Likitoka, anaendelea.

Fundi Soli: Na lisipotoka?

Rubani: Kuna sehemu kule jua linaweza kukaa miezi halijatoka.

Dada Birika: We mwanamume! Unataka kumtia mwenzako presha?

Rubani: Nimeulizwa, nimejibu.

Fundi alikuwa ameacha kabisa kushona. Alilikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena kwa mikunjo midogo, kama anayetafuta namna ya kulipenyeza kwenye simu. Alisema polepole kwamba ni yeye aliyemwambia mkewe asiogope. Alimwambia ndege ni kama kukaa sebuleni. Yeye mwenyewe hakujua lolote, alisema tu kwa sababu mama alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni tangu alfajiri. Nilitazama kikombe changu. Kwa kweli tulikuwa tunakunywa wasiwasi wa mwenzetu, na tulikuwa tumeshaukoroga vya kutosha. Nilijisikia vibaya, nikakimaliza.

Ndipo akatokea mama mmoja, ndala mkononi, mguu mmoja peku. Mkanda umemkatikia njiani. Fundi alimpa kigoda, akaipokea ndala, akaanza kuitia gundi kwa mazoea tu, macho hayatoki kwenye simu. Yule mama alikaa, akatusikiliza. Rula alikuwa anamwelewesha Rubani kwamba ndege inayozunguka inaongeza kilomita, kwa hiyo sasa tuko kwenye elfu ishirini, na Rubani alikuwa hapingi.

Mgeni: Samahani, nauliza tu. Nani amepotea?

Dada Birika: Hajapotea mtu. Mke wa fundi amepanda ndege kwenda kwa binti yao, hajapiga simu, na hawa mabwana wamemfikisha kwenye barafu.

Mgeni: Ala. Na huyo binti anasemaje?

Fundi Soli: Binti?

Mgeni: Si ndiye anayempokea? Mmempigia?

Rula alizungusha uzi kwenye kidole. Rubani aliinua kichwa akatafuta ndege, angani hakukuwa na hata kunguru.

Fundi Soli: Namba yake iko kwenye simu ya mama yake.

Mgeni: Na wewe?

Fundi Soli: Huwa anapiga mama yake. Mimi nakuwa nyuma, nasalimia. Nasema, mwambie nimemsalimu. Yeye anasema, amekusalimu. Basi.

Mgeni: Tangu lini?

Fundi Soli: Tangu aondoke.

Rula: Ni kawaida, mama. Hata mimi vijana wangu namba zao ziko kwa mama yao.

Rubani: Na mimi. Ziko salama zaidi.

Mgeni hakubisha. Alisema tu, aha, akaangalia mguu wake uliokuwa peku. Ingekuwa nafuu angetutukana. Mchana kutwa tumempimia Fundi njia ya kwenda kwa mwanawe kwa uzi, kwa futikamba na kwa mpira, na yeye mwenyewe hakuwa na namba ya kubonyeza. Fundi alipaka gundi juu ya gundi. Dada Birika akainua birika kutujazia, likatoa vijitone viwili na mashapo.

Dada Birika: Imekwisha.

Simu ikalia.

Fundi aliruka, ndala ikaanguka, na vidole vyake vyote vilikuwa vimejaa gundi. Namba yenyewe ilikuwa ndefu, imeanza na alama ya kujumlisha. Akanipigia kelele, Kinyozi, bonyeza! Nikabonyeza, na kwa kiherehere changu nikabonyeza na spika, kwa hiyo yaliyosemwa tuliyasikia wote, na mimi nayasema hapa bila kutia chumvi.

Fundi Soli: Haloo! Mama nanihii! Umefika?

Sauti: Baba?

Fundi Soli: Nani mwenzangu?

Sauti: Ni mimi, Baba.

Alimjua. Ungemwona usoni ungejua kwamba amemjua tangu neno la kwanza, ila hakuzoea kuisikia sauti ile bila mtu katikati.

Binti: Baba, shikamoo.

Fundi Soli: Marahaba, mwanangu. Marahaba. Mama yako amefika?

Binti: Atafikaje saa hizi? Hapa ni asubuhi, Baba, ndiyo kwanza nimeamka. Nimepiga kuuliza kama ndege imeondoka salama. Anatua jioni ya huku. Kwenu itakuwa usiku wa manane.

Dada Birika alimgeukia Rula. Rula akaanza kurudisha futikamba kiunoni, na ikakataa kuingia.

Fundi Soli: Kwa hiyo sasa hivi yuko wapi?

Binti: Bado yuko juu. Labda amelala. Safari ndefu hiyo, Baba, mimi nililala mara tatu.

Fundi Soli: Hazunguki?

Binti: Azunguke wapi?

Fundi Soli: Basi, hamna. Watu tu hapa. Mwanangu, mama yako ameacha sweta. Huko si kuna baridi?

Binti: Nampelekea koti langu uwanjani. Lile zito. Nimeshalitundika mlangoni nisisahau.

Fundi alishusha pumzi, na benchi zima likashusha naye. Yule anangoja, huyu anangoja. Mahali pale ndipo mama angesema, amekusalimu.

Fundi Soli: Namba yangu umeipata wapi?

Binti: Ninayo siku zote, Baba. Niliondoka nayo.

Fundi Soli: Mbona hukupiga?

Binti: Nilidhani hupendi simu. Unakuwa nyuma kule, unasalimia halafu unatoka.

Fundi Soli: Sitoki. Nakuwa nimekaa palepale.

Binti: Nilikuwa sijui.

Fundi alijifuta jicho kwa mkono wenye gundi, na lile jicho likawa jekundu kweli, kwa hiyo sikuweza kujua ni gundi au ni nini, wala sikuuliza. Yule mgeni alimpa kitambaa. Mguu wake bado ulikuwa peku na hakuonekana kuwa na haraka.

Fundi Soli: Mtoto hajambo?

Binti: Hajambo. Ananyonya hapa. Anapiga mateke.

Fundi Soli: Mguu wake, mwanangu. Mguu wake ukoje? Nimeshona viatu sijui kama vitamwingia.

Binti: Mdogo, Baba. Mnene, na kidole gumba kimesimama kama chako.

Fundi Soli: Kimesimama?

Binti: Kimesimama kabisa. Mama anasema hivyo ndivyo unavyotoboa soksi.

Alicheka. Fundi Soli alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na akaketi na sisi kwenye benchi, jambo ambalo halifanyi wakati wa kazi, benchi likayumba likatulia. Akamwambia binti aweke mguu wa mtoto juu ya karatasi, auzungushie kalamu. Binti akasema ngoja, nampigia mstari sasa hivi, usikate. Fundi akasema hakati.

Rubani alimsogelea Fundi, akanong'ona kwa huzuni ya kweli.

Rubani: Basi mambo yameisha. Simu imelia. Hongera, lakini. Kahawa ndiyo basi tena.

Fundi Soli aliziba simu kwa kiganja.

Fundi Soli: Nilisema simu ya shemeji yenu. Hii ni ya binti yangu.

Kisha akamtazama Dada Birika, sweta begani, simu ikiwa imegandia mkononi kwa gundi.

Fundi Soli: Kachemshe nyingine. Mimi bado niko kwenye simu.